Kupanua Idara ya Dharura Bila Kupanua Foleni: Mwongozo wa Usanifu Usio na Upotevu

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine na wasimamizi wa hospitali hapa Nairobi ni hili: "Tumepata fedha za kupanua kazualti, tuongeze vitanda vingapi?" Kabla sijajibu hufuata la pili, kwamba msanifu wa majengo aitwe lini. Yote mawili ni maswali ya haki, lakini huulizwa kabla ya wakati wake. Anayeanza na idadi ya vitanda huishia kujenga chumba kikubwa zaidi cha kusubiri, kwa sababu bado hajui mgonjwa wake hukwama wapi, wala hukwama kwa nini. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe muuguzi msimamizi, daktari, mhandisi au mkurugenzi ambaye hujawahi kuifanya kazi hii, nao utakupeleka kutoka siku ya kwanza ya kutazama hadi siku ya kufungua milango mipya.

Nadharia itakuwa fupi. Usanifu usio na upotevu, ambao wengi huufahamu kwa jina la Lean, ulitokana na viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu. Neno la Kijapani la upotevu ni "muda", na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kulikariri, kwani katika idara ya dharura kinachopotea zaidi ya vyote ni muda kweli kweli. Mapema katika miaka ya 2000, hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, iliuingiza utaratibu huo katika utunzaji wa wagonjwa. Karibu na kwetu, Tanzania ilianza mwaka 2007 katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya kutumia sehemu yake iitwayo S tano, ikazipa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ukiyashika maneno hayo matano, pamoja na swali moja tu la kuuliza kila mahali, yaani "jambo hili linamfaa nini mgonjwa?", umebeba nadharia ya kutosha.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Usianze kabla ya kupata haya:

- Idhini iliyoandikwa ya mkurugenzi wa hospitali, inayogusa wadi, maabara, eksirei, duka la dawa na ofisi ya keshia, wala si idara ya dharura peke yake. Sehemu kubwa ya tatizo lako imo katika milango ya watu wengine.
- Kikundi cha watu wanane hadi kumi. Wawemo muuguzi wa zamu ya usiku, afisa wa kliniki, daktari, karani wa rekodi, mtaalamu wa maabara, keshia, mhudumu wa usafi, askari wa lango, na mtu mmoja aliyewahi kutibiwa hapo au kumleta jamaa yake. Askari wa lango ndiye husahaulika, ilhali ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa.
- Ramani ya jengo lililopo, iliyopimwa upya kwa tepu. Ramani ya zamani iliyo ofisini kwa kawaida haionyeshi ukuta uliojengwa wala mlango uliozibwa baadaye.
- Saa, karatasi, kalamu za rangi, na wiki sita hadi nane kabla ya mstari wowote wa jengo jipya kuchorwa.
- Ufahamu wa sheria mbili. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo dirisha la malipo lililowekwa mbele ya chumba cha kuokoa maisha lina kasoro mbili, ya usanifu na ya kikatiba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inakutaka ulinde taarifa za wagonjwa, kwa hiyo usiandike majina yao katika karatasi zako za kupimia, tumia namba.

Hatua ya 1: Liandike tatizo kwa sentensi moja yenye kipimo

"Tuna msongamano" si tatizo lililoandikwa, ni malalamiko. Andika kwa mfano hivi: "Mgonjwa wa rangi ya njano anayefika kati ya saa mbili na saa sita mchana humsubiri daktari kwa zaidi ya saa moja." (Rangi ya njano ni ya mgonjwa anayehitaji huduma haraka lakini si papo hapo; rangi zote zimo katika Hatua ya 5.) Sentensi hiyo ina mtu, ina wakati, na ina kitu cha kupimwa tena baadaye. Ikiwa kikundi chako hakikubaliani juu ya sentensi hiyo, hakitakubaliana juu ya ramani ya jengo.

Hatua ya 2: Simama panapofanyika kazi na umfuate mgonjwa

Hapa ndipo wengi huharakisha, na ndipo penye manufaa makubwa kuliko hatua zote. Chagua wagonjwa 25 au 30 wa aina mbalimbali, na umfuate kila mmoja tangu anaposhuka kwenye boda boda, teksi au ambulensi hadi anapotoka, anapopelekwa wadi au anapohamishiwa hospitali nyingine. Andika saa ya kufika langoni, saa ya triaji (yaani kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao), saa ya kuonwa na mtabibu, saa sampuli ilipotolewa, saa majibu yaliporudi, saa uamuzi ulipofanywa, na saa mgonjwa alipoondoka hasa. Usifanye hivi Jumanne mchana pekee. Fika usiku wa Ijumaa, fika wikendi ya mwisho wa mwezi, fika asubuhi yenye mvua wakati barabara ya Mombasa imeziba na zamu mpya imechelewa kuipokea ya zamani.

Kosa la kawaida: kutegemea daftari la mapokezi. Saa iliyoandikwa pale ni saa ambayo karani alishika kalamu, nayo inaweza kuwa dakika arobaini baada ya mgonjwa kuketi kwenye benchi. Dakika hizo arobaini hazimo katika ripoti yoyote ya hospitali, lakini mgonjwa anazijua.

Kosa la pili: kuwafanya wafanyakazi wahisi wanapelelezwa. Waeleze mapema kwamba unapima njia, humpimi mtu, kisha uwaonyeshe karatasi zako kila jioni.

Hatua ya 3: Chora mchoro wa nyayo

Chukua ramani uliyopima, mpe kila mfanyakazi rangi yake, na uchore kila safari anayoifanya kwa saa moja: kijani kwa muuguzi, buluu kwa daktari, nyekundu kwa mgonjwa mwenyewe. Baada ya saa hiyo karatasi itafanana na nywele ambazo hazijachanwa, na kila fundo lina sababu yake. Katika hospitali moja ya hapa mjini, nilihesabu safari za muuguzi mmoja kwenda ofisi ya msimamizi na kurudi, nikadhani anatafuta ushauri. Alikuwa akifuata spana ya kufungulia mitungi ya oksijeni. Spana ilikuwa moja, nayo ilifungiwa kwenye droo kwa kuwa ya kwanza ilipotea. Hospitali hiyo ilikuwa imepanga kuongeza chumba kizima karibu na mitungi ili "kupunguza umbali". Spana tano zilizofungwa kwa minyororo zilimaliza kazi hiyo kwa bei ya chakula cha mchana cha kamati.

Hatua ya 4: Piga hesabu mbili

Hesabu ya kwanza ni ya mwendo. Tuseme idara yako inapokea wagonjwa 150 kwa siku. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo kwa wastani mgonjwa mmoja hufika kila baada ya dakika 9.6, na triaji ya dakika sita inaonekana kutosha kwa muuguzi mmoja. Lakini wagonjwa hawaji kwa wastani. Ikiwa 60 kati yao hufika katika saa nne za asubuhi, yaani dakika 240, basi mmoja hufika kila dakika nne, na muuguzi yule mmoja tayari amezidiwa kabla ya saa tatu. Anahitaji mwenzake kwa saa hizo nne, wala hahitaji chumba cha pili kwa saa ishirini na nne.

Hesabu ya pili ndiyo itakayoamua ukubwa wa jengo. Idadi ya watu walio ndani ya idara ni sawa na idadi ya wanaofika kwa saa ukizidisha kwa saa anazokaa kila mmoja. John Little alitoa uthibitisho wa kanuni hiyo mwaka 1961. Katika saa zile za asubuhi wanafika 15 kwa saa. Msongamano huo ukiendelea na kila mmoja akikaa saa nne, utakuwa na watu 60 ndani. Ukipunguza ukaaji hadi saa mbili na nusu, watakuwa 38 hivi. Umepata nafasi 22 bila tofali hata moja.

Onyo: usijenge nafasi 38 kamili. Idara inayopangwa ijae kabisa hukwama mara tu matatu moja inapopinduka. Wapangaji wengi hulenga ujazo wa takriban asilimia 85, na kwa mfano wetu hiyo ni nafasi 45. Kumbuka pia kwamba nafasi si lazima iwe kitanda. Mtu aliyeteguka kifundo cha mkono anahitaji kiti. Kumlaza kitandani ni kumnyima kitanda anayekihitaji.

Hatua ya 5: Ondoa upotevu kabla ya kujenga

Fanya yanayowezekana katika jengo la sasa, kwa mpangilio huu.

Kwanza, weka triaji mlangoni, kabla ya usajili na kabla ya keshia, kwa kipimo kinachoeleweka na wote. Kipimo cha Afrika Kusini kinafaa mazingira yetu: mwekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya dakika 60, na wa kijani ndani ya saa nne.

Pili, tenga njia ya wagonjwa wa kijani. Mpe afisa wa kliniki mmoja chumba na viti vichache, awahudumie na kuwaruhusu bila kuwapitisha katika foleni ya wagonjwa wazito. Wasimamizi huogopa kwamba hilo ni kuwapendelea wenye maradhi madogo. Ukweli ni kwamba linawaondoa katika njia ya wenye maradhi makubwa.

Tatu, sasambua vyumba. Utashangazwa na idadi ya viti vibovu na mashine zisizo na waya zinazokaa mahali pa mgonjwa. Kisha weka glovu, dripu na sindano katika masanduku mawili mawili: la mbele likiisha, linapelekwa stoo na la nyuma linasogea mbele. Hakuna anayehitaji kujaza fomu ili kukumbushwa kwamba glovu zimeisha.

Nne, na hili ndilo gumu, fungua njia ya kutoka. Mgonjwa aliyekwisha kuamuliwa alazwe, lakini anayesubiri kitanda cha wadi kwa saa tisa, anakalia nafasi ambayo ingewahudumia watu watatu kwa ukaaji wa saa tatu. Wadi nayo haina kitanda kwa sababu aliyeruhusiwa asubuhi anasubiri barua, dawa, bili, idhini ya bima na ndugu wa kumchukua, na yote hayo hukamilika saa kumi jioni. Kaa na wauguzi wa wadi mpange ziara ya madaktari ianze na wale wanaotarajiwa kuruhusiwa, na barua zao ziandikwe jioni iliyotangulia. Nimeona idara zilizokuwa tayari kubomoa ukuta zikagundua kwamba ukuta wao hasa ulikuwa saa ya kuruhusu wagonjwa, ghorofa mbili juu.

Baada ya hapo pima tena, urudie hesabu ya pili. Namba itakayobaki ndiyo ya kumpelekea msanifu.

Hatua ya 6: Jenga mfano wa maboksi

Usiruke hatua hii hata kama unaona haya kucheza na maboksi mbele ya madaktari bingwa. Tafuta uwanja wa kuegesha magari au ukumbi wa kanisa jirani, chora kuta kwa chaki kwa vipimo halisi, na usimamishe maboksi ya friji, mbao nyepesi na leso mahali pa kuta na mapazia. Leta machela ya kweli, kiti cha magurudumu cha kweli, na mtungi wa oksijeni ulio mtupu. Kisha igizeni matukio manne: kijana wa boda boda aliyevunjika paja, mama mjamzito anayetokwa na damu, mtoto mwenye degedege aliyebebwa mikononi, na abiria kumi na watano wa ajali moja. Kila tukio lipigwe saa, na kila anayekwama apige kelele.

Mambo ya kuangalia ni haya. Je, machela inakata kona ikiwa na watu wawili pembeni? Muuguzi akiwa kituoni pake anaona uso wa kila mgonjwa mzito, au nguzo imemkinga? Sinki iko mahali ambapo mkono unanawa bila kuzunguka kitanda? Nguo chafu na taka zinatoka kwa njia gani, na je, zinakutana na chakula? Maiti inapitishwa wapi bila kuwapita watoto? Polisi aliyekuja kuandika maelezo anasimama wapi, na ndugu kumi na wawili waliokuja na mgonjwa mmoja wanakaa wapi? Swali la mwisho halimo katika vitabu vya ng'ambo, lakini ukilipuuza ndugu hao watakaa kwenye korido.

Sogeza maboksi, igizeni tena, sogeza tena. Ukuta wa boksi husogezwa kwa sekunde kumi. Wa mawe utausogeza kwa barua tano na mkandarasi. Mfano ukikubalika, kila mwanakikundi atie sahihi juu ya mchoro uliopigwa picha kutoka juu.

Kosa la kawaida: kuwaalika wakuu wa idara peke yao. Mhudumu wa usafi anajua mahali maji yanapotuama, na hakuna profesa anayejua hilo.

Hatua ya 7: Mwite msanifu achore

Mpe vipimo vya mfano wenu pamoja na masharti yafuatayo. Wanaokuja kwa miguu na wanaoshushwa na ambulensi wasitumie mlango mmoja. Chumba cha wagonjwa wekundu kikae hatua chache kutoka mlango wa ambulensi, na eksirei isiwe mbali. Vyumba vya uchunguzi vifanane kabisa, oksijeni upande uleule, taa upande uleule, droo ya dawa ileile, ili muuguzi wa zamu ya usiku afike kwa mkono bila kutafuta. Wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu wapate mahali penye hewa inayotoka nje moja kwa moja, si inayorudi koridoni. Umeme wa chumba chekundu uingie katika jenereta tangu mwanzo. Upande mmoja wa jengo ubaki na ukuta mwepesi, usiopitisha mabomba, kwa ajili ya upanuzi ujao.

Idhini za serikali ya kaunti, za NEMA kuhusu mazingira, na usajili wa mradi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi zishughulikiwe mapema, kwa kuwa ratiba yako haitazisukuma.

Hatua ya 8: Jenga kwa awamu huku wagonjwa wakihudumiwa

Nairobi haitafunga ajali zake ikusubiri. Gawa ujenzi katika awamu ambazo kila moja inaacha njia ya ambulensi wazi, na ujaribu njia ya muda kwa machela kabla mafundi hawajaanza. Ziba vumbi kwa kuta za plastiki nzito kutoka sakafuni hadi darini, kwa maana vumbi la ujenzi hubeba kuvu inayoweza kumdhuru mwenye kinga dhaifu. Maji, oksijeni na umeme visikatwe bila msimamizi wa zamu kutia sahihi, hata kama fundi anaapa kwamba ni dakika mbili.

Hatua ya 9: Fungua, pima, rekebisha

Wiki moja kabla ya kufungua, rudieni yale matukio manne ndani ya jengo lenyewe. Baada ya kufungua, tundika ubao mmoja unaoonyesha kipimo cha sentensi ya Hatua ya 1, na kila asubuhi kikundi kisimame mbele yake kwa dakika kumi. Kisimame, kisikae, kikao kinachokaa huagiza chai.

Mambo yakienda mrama

Vitanda vimeongezeka lakini kusubiri hakujapungua. Hesabu ni wangapi kati ya waliolala kwenye vitanda hivyo wamekwisha kuamuliwa walazwe. Wakiwa theluthi au zaidi, rudi kwenye Hatua ya 5, sehemu ya nne. Tatizo halimo ndani ya idara yako.

Wagonjwa wa kijani wanalalamika kwamba wanarukwa. Bandika maelezo ya rangi kwa Kiswahili chepesi mahali wanapoketi, na muuguzi wa triaji amwambie kila mmoja rangi yake na muda wa kutarajia. Mzee aliyeambiwa, "Baba, utasubiri kama saa mbili, na hali ikibadilika niite," husubiri tofauti na aliyeambiwa "kaa hapo".

Vifaa vimerudi kukaa ovyo baada ya mwezi. Hiyo ni S ya tano, shikilia, na kwa kawaida huanguka kwa sababu hakuna mwenye zamu ya kuikagua. Andika jina la cheo, si la mtu, kwenye kila kabati, na ukaguzi uwe sehemu ya makabidhiano ya zamu.

Daktari mkuu anapinga njia ya kijani. Usibishane naye kwa maneno. Mwombe majaribio ya wiki mbili kwa saa za asubuhi tu, umletee karatasi za saa kabla na baada, na mwache asome mwenyewe.

Jengo lilikwisha kujengwa kabla hujausoma mwongozo huu, na kituo cha wauguzi kimejificha nyuma ya nguzo. Anza na Hatua ya 2 ndani ya jengo hilo hilo, kisha uhamishe kazi badala ya kuta: hamishia wagonjwa wazito kwenye vitanda vinavyoonekana, wa kijani wapewe vile vya nyuma ya nguzo, na meza ya wauguzi ipewe magurudumu. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakutengenezea meza hiyo ukiwapelekea vipimo. Hakikisha tu ni nyembamba kuliko mlango wa chumba chekundu.